Kabla hujapanda, hesabu masaa: Mpanda hadi Dar kwa ndege, kwa lori na kwa tenga la nyanya



Leo naweka pembeni mbolea na viwavijeshi. Nataka tuongee kuhusu umbali, maana nimeona unawapa vijana wa huku hasara kubwa kuliko wadudu, na hauna dawa ya kupulizia.

Ukiuliza simu yako ni mbali kiasi gani kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam, utakuta namba mbili. Ya kwanza ni ya angani, kama kilomita 900 kwa mstari ulionyooka. Ya pili ni ya barabarani, karibu kilomita 1,200 kwa njia ya Tabora na Dodoma. Pembeni utaona na muda wa safari, na muda huo umepigiwa hesabu ya gari dogo ambalo halisimami kupima mzigo na dereva wake halali. Wengi wanaishia hapo. Wanaona bei ya Dar, wanaona kilomita, wanasema "mbona inawezekana", wanakwenda kununua mbegu.

Msimamo wangu ni huu: kijana anayelima Kibaoni, Usevya, Majimoto au Mamba asichague zao kwa kuangalia bei ya Dar. Aanze na masaa. Ajue zao lake linaishi masaa mangapi toka livunwe, halafu ajue soko liko masaa mangapi toka shambani. Zao likiwa na masaa machache kuliko njia, ile bei ya Dar ni habari ya watu wengine.

Sisi tuko wapi hasa

Jina la Kibaoni lenyewe linakumbusha kibao cha barabarani, na kweli sisi ni watu wa njia panda. Ukitoka hapa kwenda Dar una njia mbili.

Njia ya kusini:
- Kibaoni hadi Sumbawanga, kama kilomita 150
- Sumbawanga hadi Tunduma, kama 223
- Tunduma hadi Mbeya, kama 100
- Mbeya hadi Dar kupitia Iringa na Morogoro, kama 830

Jumla ni kama kilomita 1,300.

Njia ya kaskazini:
- Kibaoni hadi Mpanda kupitia Sitalike, kama kilomita 108
- Mpanda hadi Tabora, kama 345
- Tabora hadi Manyoni, kama 260
- Manyoni hadi Dodoma, kama 125
- Dodoma hadi Dar, kama 450

Jumla ni kama kilomita 1,290.

Umeona? Upite kusini, upite kaskazini, ni mle mle. Mtu wa Mpanda mjini ananufaika na njia ya Tabora, hasa baada ya lami ya Mpanda hadi Tabora kukamilika. Mtu wa Sumbawanga ananufaika na ya Tunduma. Sisi wa Kibaoni tuko katikati kabisa, hakuna njia ya mkato. Kwa habari ya Dar, ni vijana wachache nchini wanaolima mbali kuliko sisi.

Hiyo sio sababu ya kukata tamaa. Ni sababu ya kulima kwa akili tofauti na mtu wa Mvomero au Lushoto.

Ndege inabeba nini

Wapo wanaosema, "Bwana shamba, siku hizi ndege inatua Mpanda, tupandishe mzigo ndege." Haya, tuipigie hesabu.

Air Tanzania imekuwa ikitua Mpanda kwa ndege za pangaboi, Dash 8-Q400, zenye viti 76. Ndege hiyo inakwenda zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Kwa kilomita 900, ikiruka moja kwa moja, ni kama saa moja na dakika 45. Ikitua mji mwingine njiani kushusha na kupakia abiria, hesabu saa mbili na nusu hadi tatu. Na haiondoki kila saa kama hiace. Ratiba hubadilika, lazima uulize kabla.

Lakini safari yako haianzii uwanjani. Wewe unatoka Kibaoni. Weka masaa matatu ya kufika Mpanda, saa moja na nusu ya kusubiri na kukaguliwa, masaa mawili na nusu ya kuruka, saa moja na nusu ya kutoka uwanjani Dar na kupenya foleni hadi Kariakoo. Hapo ni masaa kama nane na nusu. Kwa basi, likienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, ni zaidi ya masaa 21, na tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku, kwa hiyo angalau hulali njiani kusubiri kupambazuke. Kwa mtu, ndege inaokoa zaidi ya nusu ya muda. Kwa mzigo, hesabu inageuka.

Tumbo la ndege ile limejaa mabegi ya abiria. Nafasi inayobaki ni ya vifurushi, sio ya magunia. Hata tukiacha pangaboi tukaenda kwenye ile ndege kubwa ya mizigo ya Air Tanzania, Boeing 767 iliyopokelewa Juni 2023, uwezo wake ni tani 54. Semi moja inabeba kama tani 30. Maana yake ndege nzima ya mizigo, fahari ya taifa, haifikishi semi mbili za mpunga. Sasa piga picha gharama ya kuirusha, halafu igawe kwa kilo ya nyanya.

Ndege inalipa pale ambapo kilo moja ina thamani kubwa na haiwezi kusubiri. Angalia wenzetu Kenya. Maua ya Naivasha yanakatwa, yanapozwa, yanapelekwa kwa lori la baridi hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, barabara isiyozidi kilomita 100 na kitu, halafu yanaruka kama masaa nane hadi Amsterdam. Ua ni jepesi, bei yake kwa kilo iko juu, na linaharibika upesi. Vigezo vyote vitatu vimetimia. Lakini parachichi la Njombe na Rungwe, pamoja na kwamba linakwenda Ulaya hiyo hiyo, linapanda meli kwenye kontena la baridi. Kwa nini? Kwa sababu ni zito, na likipozwa vizuri linaweza kukaa wiki kadhaa. Wenye parachichi hawakuchagua meli kwa kukosa hela ya ndege. Walipiga hesabu.

Swali la kujiuliza ni hili: zao langu limefanana na ua, limefanana na parachichi, au halifanani na lolote kati ya hayo?

Lori na masaa yake ya kweli

Sasa tuje kwenye lori, maana ndilo letu. Kisheria lori kubwa lisizidi kilomita 80 kwa saa. Vijana wanachukua 1,300, wanagawa kwa 80, wanapata masaa 16, wanafurahi. Hakuna lori lililojaa linalotembea hivyo kutoka hapa hadi Dar. Kuna milima, kuna vibao vya 50 kila kijiji, kuna foleni ya malori ya Zambia na Kongo pale Tunduma, kuna Kitonga, kuna mizani moja baada ya nyingine: Mpemba, Makambako, Wenda, Mikumi, Mikese, Vigwaza. Kuna geti la ushuru wa mazao, na usipokuwa na stakabadhi yako mkononi hapo ndo utakaa.

Weka wastani wa kilomita 45 kwa saa. Ni masaa 29 ya magurudumu kuzunguka. Ongeza dereva kulala, kula, kupima mzigo, na pancha moja. Umefika masaa 40. Hujahesabu muda wa kusubiri gari lijae, ambao huku kwetu unaweza kuwa siku nzima, kwa sababu mwenye gari hawezi kuondoka na nusu mzigo. Hujahesabu kufika Dar saa nane mchana wakati soko la jumla linachangamka alfajiri.

Kwa hiyo toka umekata nyanya shambani mpaka mnunuzi wa kwanza anaifunua kwenye tenga, hesabu masaa 60. Hiyo ni safari ya kawaida, isiyo na mvua wala gari kuharibika. Mambo yakiharibika, usiseme.

Mimi nina kanuni naiita kanuni ya nusu: njia isile zaidi ya nusu ya uhai wa zao. Nusu inayobaki ni ya muuza genge na ya mama anayekwenda kupika. Ukila uhai wote wa zao barabarani, dalali atakupangia bei anavyotaka, na atakuwa na haki, maana anajua huwezi kurudi nalo.

Jaribu kanuni hiyo kwenye mazao yako. Mchicha unanyauka ndani ya siku moja, kwa hiyo soko lake lisizidi masaa machache. Nyanya iliyoiva kabisa, kwenye joto la bonde letu, ina siku mbili tatu za kuwa na heshima. Nusu yake ni masaa 36 kwenda chini. Njia ya Dar ni 60. Imekataa.

"Basi tutavuna zikiwa mbichi"

Hili ndilo jibu nililopewa na kikundi kimoja cha vijana wa bondeni huku, ambao wanaandaa maombi ya mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ambao vijana wana asilimia 4 yao. Mpango wao ni kuweka karibu fedha yote kwenye nyanya za soko la Dar. Walikuwa wamejiandaa, nawapongeza. Walisema nyanya ikivunwa inapoanza tu kugeuka rangi kitakoni, ikawekwa kwenye kreti za plastiki badala ya matenga yanayoipasua, ikapakiwa jioni, inaweza kufikisha wiki nzima.

Ni kweli kabisa. Kitaalamu hawajakosea. Wiki ni masaa 168, nusu yake ni 84, njia ni 60. Nyanya itafika.

Lakini kufika ni jambo moja na kuuza ni jingine. Lori lako likipita njia ya kusini, litapita Ilula, pale Iringa. Ilula ni nyumbani kwa nyanya. Ukifika pale umeshakula kama kilomita 850, na mwenzako wa Ilula ndo kwanza anapakia. Amebakiza kama kilomita 450, anaondoka jioni, alfajiri yuko soko la Ilala. Mnafika pamoja, mnauza kwa bei moja, maana mnunuzi wa Dar haulizi nyanya imetembea kilomita ngapi. Lakini wewe umelipa nauli mara mbili na zaidi, na nyanya yako ina siku tatu wakati yake ina usiku mmoja. Soko likiwa limejaa, ya nani itaachwa?

Na sio Ilula peke yake. Mgeta wako karibu zaidi. Lushoto nao wapo. Dar imezungukwa na watu wa nyanya, wote wako ndani ya usiku mmoja.

Nikawaambia wale vijana: mkopo huu unarejeshwa kwa tarehe, haujui kwamba Kitonga kulikuwa na ajali. Mkiweka fedha yote kwenye zao ambalo mshindani wenu amewatangulia kwa masaa 40, mmeanza mbio mkiwa nyuma ya mstari. Bado hawajaamua. Ndiyo maana naandika, maana najua sio wao peke yao.

Kama unalima nyanya na mfanyabiashara akija na gari lake kununua shambani kwa sababu mvua zimeharibu za wenzetu, muuzie. Pokea fedha, mpe mzigo. Masaa ya barabarani yawe yake. Hiyo ni biashara nzuri. Kibaya ni wewe mwenye mtaji mdogo kubeba masaa hayo mgongoni mwako.

Mazao yenye subira

Mkulima wa mbali anatakiwa kulima vitu vyenye subira. Na huku kwetu Mungu ametupa.

Mpunga wa bonde letu ukikaushwa vizuri, unyevu asilimia 14 kushuka, unakaa miezi. Masaa 60 kwake si kitu. Lakini hapa napo kuna kosa linaloumiza: watu wanasafirisha mpunga badala ya mchele. Gunia la kilo 100 za mpunga likikobolewa kwenye mashine nzuri linatoa kilo 60 hadi 65 za mchele. Ukipeleka tani 10 za mpunga Dar, umelipia nauli ya tani tatu na nusu au nne za makapi na pumba, kilomita 1,300. Koboa hapa hapa. Pumba ibaki ilishe kuku na nguruwe wa hapa, makapi yafanye kazi kwenye matofali na bustani. Mchele uliopangwa madaraja, ukapimwa kwenye mizani badala ya lumbesa, ndo usafiri.

Alizeti hivyo hivyo. Ukikamua, mafuta yanasafiri na mashudu yanabaki kuwa chakula cha mifugo.

Asali ndiyo zao linaloweza kulipia hata tiketi ya ndege. Lita moja ina uzito wa kama kilo 1.4, bei yake ni ya juu, na ikivunwa iliyokomaa na isiingie maji haiozi. Inyonga na misitu ya Mlele inajulikana kwa asali. Kijana mwenye mizinga na vifungashio safi ana mzigo mdogo wenye thamani kubwa, tena usio na haraka. Anaweza kuchagua basi, lori au kifurushi cha ndege kwa kuangalia bei tu, maana muda haumshiki koo.

Maharage, karanga, ufuta, vitunguu vilivyokaushwa shingo vizuri, vyote viko kundi la subira. Mahindi nayo, ukiyakausha chini ya asilimia 13, unaweza kuyauza bila kwenda popote: NFRA wana vihenge Mpanda na Sumbawanga. Tikiti maji watu wanalisifia kwamba linakaa, na kweli linakaa kuliko nyanya. Ila sehemu kubwa yake ni maji. Ukilipeleka Dar unalipa nauli ya kupeleka maji baharini.

Soko la masaa matatu

Mboga na matunda laini tusiyaache. Tuyapeleke pale masaa yanaporuhusu. Mpanda ni masaa matatu. Sumbawanga ni masaa matatu. Hiyo ni miji miwili, na kila mmoja una hospitali ya mkoa, shule za bweni, hoteli na mama lishe wanaonunua kila siku.

Fanya uchunguzi mdogo wa alfajiri. Nenda soko la Mpanda siku tatu tofauti, uliza kila bidhaa inatoka wapi. Ukikuta hoho au karoti imetoka mkoa mwingine kabisa, hiyo ndiyo nafasi yako. Wewe ndiye Ilula wa Mpanda. Mwenzako anatembea usiku kucha, wewe unatoka saa kumi alfajiri na kirikuu, saa moja uko sokoni na mzigo wenye umande. Hapo masaa yanakuwa upande wako.

Tusisahau pia kwamba nchi haiishii Dar. Tunduma iko kama kilomita 375 kutoka hapa, na kuvuka kwake ni Zambia. Karema, wilaya ya Tanganyika, kuna bandari ya ziwani inayotazama Kongo. Kwa mchele na mahindi, kuangalia huko sio wazo baya, mradi ufuate taratibu: kibali cha kusafirisha nje, na cheti cha usafi wa mimea kutoka TPHPA. Mzigo mzuri usio na karatasi unaweza kulala mpakani masaa mengi kuliko uliyotumia njiani.

Ndege ya kuja, sio ya kwenda

Nimeikataa ndege kwa mazao, lakini naipenda kwa pembejeo. Vijana wengi hawaitazami upande huu.

Chukua vifaranga wa siku moja. Kifaranga akitotolewa anabaki na akiba ya kiini cha yai tumboni, inayoweza kumshikilia siku mbili hadi tatu bila kula. Saa yake inaanza kuhesabu pale anapototolewa, sio pale unapompokea stendi. Wakilala kiwandani nusu siku wakisubiri basi, wakatembea masaa 21, wakachelewa na hitilafu moja, wanakufikia wamechoka, wamekaukiwa maji. Wengine hufa wiki ya kwanza, nawe unalaumu chakula. Kwa hiyo uliza muuzaji: wametotolewa saa ngapi? Kama kuna ndege siku hiyo na wanapokea vifaranga, piga hesabu ya tofauti ya nauli dhidi ya idadi ya vifaranga utakaookoa. Kwa boksi mbili tatu inaweza kulipa. Na kama wanakuja kwa basi, banda liwe na joto la nyuzi 32 hadi 35 na maji tayari kabla hujaenda kuwapokea.

Chanjo nayo ina masaa yake. Chanjo ya mdondo aina ya I-2, inayotengenezwa Kibaha na maabara ya mifugo ya taifa, TVLA, inavumilia joto kuliko nyingine, na ndiyo maana tunaipendekeza vijijini. Nyingi zilizobaki zinahitaji ubaridi toka kiwandani mpaka kwenye jicho la kuku. Chupa iliyosafiri siku nzima kwenye mfuko wa utingo, juu ya injini, inabaki na jina tu.

Na wewe mwenyewe ni wa kusafiri kwa ndege mara moja moja, ukiwa na sampuli ya kilo mbili ya mchele wako na bei yako kwenye karatasi. Kaa na wanunuzi siku mbili, funga makubaliano, rudi. Mzigo ufuate kwa lori. Mtu aende haraka, gunia liende taratibu. Wengi wetu tunafanya kinyume, tunaharakisha mzigo bila mnunuzi.

Lami ya Sitalike itabadilisha nini

Najua nitaambiwa kwamba lami ikienea kati ya Kibaoni na Sitalike mambo yote yatakwisha. Kipande hicho, kama kilomita 71, kwa miaka mingi kimekuwa cha vumbi na tope wakati upande wa Sumbawanga na ule wa Sitalike hadi Mpanda ulishapata lami. Kila anayepita Hifadhi ya Katavi masika anajua adha yake. Mimi naitaka lami hiyo kuliko wengi.

Lakini tuihesabu. Kwenye vumbi kwa wastani wa kilomita 35 kwa saa, kilomita 71 ni masaa mawili. Kwenye lami kwa 60, ni saa moja na dakika kumi. Umeokoa dakika 50. Kwenye safari ya Dar ya masaa 40, dakika 50 haionekani hata kwa tochi. Kwenye safari ya Mpanda ya saa mbili na dakika 40, ni karibu theluthi ya muda mzima, na masika ni tofauti kati ya kufika na kutofika. Mzigo hautikiswi, nyanya haipasuki, kirikuu kinaweza kwenda na kurudi mara mbili kwa siku.

Kwa hiyo lami yetu haitatuleta karibu na Dar. Itatuleta karibu na Mpanda. Tukiwa hatujajiandaa kuilisha Mpanda, lami hiyo hiyo itamleta mfanyabiashara wa mbali kutuuzia mboga sisi hapa mlangoni. Barabara inapita pande zote mbili, ndugu zangu.

Kazi ya nyumbani

Kabla ya msimu huu, chukua daftari, chora mistari minne. Andika zao. Andika linaishi masaa mangapi baada ya kuvunwa kwenye joto la kwetu. Andika masaa ya kweli hadi soko unalolitaka, ukianza kuhesabu toka kisu kinapokata mpaka mnunuzi anapofungua mzigo. Mwisho andika mshindani wako mkubwa yuko masaa mangapi toka soko hilo hilo.

Njia ikila zaidi ya nusu ya uhai wa zao, badilisha soko au badilisha zao. Mshindani akiwa karibu kuliko wewe kwa masaa mengi na mnauza kitu kilekile, fanya vivyo hivyo. Ikiwa zao lina subira, punguza uzito wake kwanza, ndipo ulipandishe gari.

Wale vijana wa nyanya nimewapa daftari hilo. Nimewaomba sehemu kubwa ya fedha iende kwenye mpunga na mashine ndogo ya kukoboa, na robo eka ya nyanya na hoho iwe ya Mpanda. Uamuzi ni wao, mkopo ni wao. Lakini nitawapima kwa masaa, sio kwa kilomita.

Kazi njema shambani.